Mtoto wa miaka 16, pikipiki ya cc 50, na nani anaruhusiwa kumfundisha: leseni ya mwanafunzi nchini Uingereza

Swali: Tunaishi Leicester. Mimi na mwanangu wa kiume tulitoka Tanga miezi kumi iliyopita, na yeye atatimiza miaka 16 baada ya miezi mitatu. Mume wangu alitutangulia, na alifaulu mtihani wa udereva wa hapa miezi 14 iliyopita. Mimi nina leseni ya Tanzania na nimeendesha gari kwa miaka 12. Mtoto anataka pikipiki ndogo ya kwendea chuoni, na anadai kwamba alikwisha kujifunza kwenye bodaboda ya mjomba wake. Je, umri unamruhusu? Na atakapofikia umri wa kujifunza gari, ni nani kati yetu anayeweza kumfundisha? Binamu yake mwenye miaka 24, ambaye ana leseni ya hapa kwa mwaka wa sita sasa, yuko tayari kumfundisha kwa pauni 15 kwa saa.

Jibu: Mama, nitatanguliza majibu mafupi ili usisubiri, kisha nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu undani wake ndio unaowaponza watu. Umri unamruhusu mwanao kuendesha pikipiki ya cc 50 kuanzia siku anayotimiza miaka 16, na maombi ya leseni ya mwanafunzi anaweza kuyapeleka leo hii. Gari ataruhusiwa kujifunza akitimiza miaka 17. Wewe huwezi kumfundisha, licha ya uzoefu wako wa miaka 12. Mume wako naye bado hawezi. Binamu anaweza, lakini si kwa pauni 15 wala kwa malipo mengine yoyote. Tena kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo la haraka kuliko yote: leseni yako ya Tanzania imebakiza takriban miezi miwili tu ya kutambuliwa hapa, na baada ya hapo wewe mwenyewe utakuwa mwanafunzi wa udereva mbele ya sheria, sawasawa na mwanao. Kwa hiyo niruhusu nianze na wewe.

Sheria inayotumika England, Scotland na Wales inampa mtu aliyehamia kutoka nchi isiyo na makubaliano ya kubadilishana leseni miezi 12 ya kuendesha gari dogo au pikipiki kwa leseni ya kwao, ikihesabiwa tangu siku alipokuwa mkazi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, na Umoja wa Falme za Kiarabu umo pia, jambo linalowafaa wale wenzetu waliofanya kazi Dubai na kufaulu mtihani wa udereva huko huko, lakini Oman haimo. Miezi hiyo 12 haiongezwi. Haiongezwi na ile leseni ya kimataifa ambayo watu hukata kabla ya kusafiri wakidhani kwamba ina nguvu kuliko leseni yenyewe, wala haianzi upya kwa sababu ulikwenda likizo Tanga wiki tatu ukarudi. Mwezi wa kumi na mbili ukiisha, kadi yako ya Tanzania inabaki kuwa halali Tanzania, lakini katika barabara za Leicester haikupi haki yoyote ya kushika usukani peke yako.

Njia iliyo wazi kwako ni kuomba leseni ya mwanafunzi, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita lena, kutoka DVLA, mamlaka ya leseni yenye makao yake Swansea. Ukiiomba sasa, kabla miezi 12 haijaisha, hulazimiki kubandika kibao cha L wala kuendesha ukiwa na msimamizi hadi siku ya mwisho ya muda huo, na wakati huo huo unaweza kuanza kushughulikia mitihani. Ukiiomba baadaye hupotezi haki ya kufanya mtihani, ila utakaa siku nyingi bila kuruhusiwa kuendesha peke yako. Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa: mke anafikiri kwamba baada ya mwaka kwisha ataendelea kuendesha mradi mumewe amekaa pembeni na L imebandikwa, kumbe mume mwenyewe hajafikisha miaka mitatu tangu apate leseni yake, na kwa hiyo kuwapo kwake katika kiti cha abiria hakuhesabiwi kuwa usimamizi. Anayeendesha kwa leseni ya mwanafunzi bila msimamizi anayekubalika anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000 na kuandikiwa hadi pointi 6 za adhabu, na bima ya gari nayo inaweza kukataa kumhudumia.

Nije sasa kwa kijana. DVLA hupokea maombi ya leseni ya mwanafunzi kuanzia umri wa miaka 15 na miezi 9, na kwa hesabu yako mwanao ndipo alipofika. Kupata kadi mapema si ruhusa ya kuanza mapema. Kadi huonyesha aina za vyombo na tarehe ambayo ruhusa ya kila aina inaanza, na kwake pikipiki ndogo itaanzia siku ya kutimiza miaka 16 na gari siku ya kutimiza miaka 17. Watoto wachache wenye ulemavu, wanaopokea kiwango cha juu cha msaada wa serikali wa kuwawezesha kutembea na kusafiri, huruhusiwa kujifunza gari wakiwa na miaka 16. Ajabu nyingine ya sheria hii, ambayo huwashangaza wageni, ni kwamba kijana huyo huyo wa miaka 16 asiyeruhusiwa kugusa gari dogo la familia anaweza kuendesha trekta la shamba barabarani, mradi upana wake uwe chini ya mita 2.45 na masharti yake ya leseni yametimizwa.

Pikipiki anayoruhusiwa katika umri huo ni ile isiyozidi cc 50 na isiyoweza kwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa, sawa na maili 28, au ya umeme ya kiwango kinacholingana na hiyo. Kabla hajaingia nayo barabarani ni lazima ahudhurie mafunzo ya msingi ya lazima, yanayojulikana kwa herufi CBT. Watu huyaita mtihani, lakini si mtihani: hakuna kufaulu wala kufeli, kuna kufikia kiwango au kuambiwa urudi siku nyingine. Huanza kwa maelezo na kupimwa macho. Kisha mwanafunzi hufundishwa sehemu za pikipiki, namna ya kuisukuma ikiwa imezimwa, kuisimamisha kwenye stendi yake na kuikagua. Halafu huiendesha ndani ya uwanja, akizunguka vikoni, akifunga breki na kukata kona. Baadaye hupewa somo la sheria za barabara na hatari zake. Na mwishoni hutoka barabarani na mwalimu kwa muda usiopungua saa mbili, mwalimu akiwa nyuma yake juu ya pikipiki nyingine akimwelekeza kwa redio iliyo sikioni. Uwanjani mwalimu mmoja hawezi kuwa na wanafunzi zaidi ya wanne, na barabarani si zaidi ya wawili. Akiridhika naye, humpa cheti kiitwacho DL196, chenye uhai wa miaka miwili. Siku hiyo kijana aende na kadi yake ya leseni, suruali nzito, buti zinazofunika kifundo cha mguu na glavu, kwa kuwa mwalimu ana haki ya kumrudisha nyumbani aliyekuja na ndala.

Kuhusu ile bodaboda ya mjomba, uzoefu huo hauna nafasi yoyote katika karatasi za hapa, ingawa kwa kweli unasaidia. Kijana anayejua kutoa klachi taratibu na kushika mizani katika mwendo mdogo huwa na asubuhi nyepesi kuliko yule ambaye hajawahi kukaa juu ya pikipiki. Shida huja na yale aliyoyazoea pamoja na ufundi huo. Katika kazi yangu ya kufundisha nimewaona vijana wengi wa kwetu ambao mikono yao ni mizuri kabisa, lakini hawageuzi kichwa kutazama nyuma ya bega kabla ya kuhama njia, kwa sababu walikojifunzia walitegemea honi. Huteremsha miguu yote miwili na kuiburuta chini kila pikipiki inapopunguza mwendo. Na wengine hushangaa kuambiwa kwamba helmeti haining'inizwi kwenye kiwiko hata kwa mwendo wa kutoka getini hadi dukani. Helmeti ni ya lazima kisheria hapa tangu 1973, isipokuwa kwa Singasinga aliyevaa kilemba. Ule mtazamo wa bega mwalimu atauangalia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu vioo vya pikipiki haviwezi kuonyesha gari lililo ubavuni, na dereva wa lori hana namna ya kujua kwamba kijana hakumwona.

Akiwa na cheti cha CBT na leseni ya mwanafunzi, mwanao ataendesha peke yake, maana kwenye pikipiki hakuna msimamizi wa kukaa pembeni. Masharti yake ni haya: kibao cha L mbele na nyuma, na akiwa Wales anaweza kutumia D badala yake; asiingie kwenye barabara kuu za mwendo kasi, yaani motowei; na asipakie abiria kamwe. Hili la abiria nalisisitiza kwa sababu ndilo linalovunjwa kirahisi zaidi na vijana waliokulia mahali ambapo mishkaki ni jambo la kila siku. Rafiki mmoja tu aliyepakiwa nyuma kwa mwendo wa vituo viwili vya basi anatosha kumweka mwanao nje ya masharti ya leseni, na anayeendesha nje ya masharti ya leseni ana kazi ngumu ya kuishawishi kampuni ya bima ajali inapotokea.

Ushauri wangu kuhusu pikipiki yenyewe, ambao si wa kisheria bali wa mtu anayeziona barabara hizi kila siku, ni kwamba kwanza utazame njia ya kwenda chuoni. Ikiwa ni mitaa ya mjini yenye kikomo cha maili 20 au 30 kwa saa, cc 50 inafaa. Ikiwa sehemu ya njia ni barabara pana ambayo magari huruhusiwa maili 50 au 60, pikipiki isiyoweza kuzidi 28 itakuwa na mkia wa magari nyuma yake muda wote, na wenye haraka wataanza kumpita mahali pasipostahili. Katika hali hiyo ningemwacha apande basi mwaka mmoja. Akitimiza miaka 17 mlango unapanuka: kwa leseni ya mwanafunzi na cheti cha CBT kilicho hai ataruhusiwa pikipiki ya hadi cc 125 na nguvu ya kilowati 11, bado akiwa na L na bado bila abiria wala motowei. Wapo watu wanaoishi hivyo miaka mingi, wakirudia CBT kila baada ya miaka miwili bila kufanya mtihani kamili, na wengi wao ni wale wanaosambaza chakula mijini.

Anayetaka leseni kamili ya pikipiki hupitia mtihani wa nadharia na kisha mitihani miwili ya vitendo. Wa kwanza ni wa uwanjani, wa kuzunguka vikoni, kukwepa kizuizi ghafla na kufunga breki za dharura. Wa pili ni wa barabarani, wa kama dakika 40. Kwa ngazi ya cc 125 umri ni miaka 17. Kwa pikipiki za kati, zisizozidi kilowati 35, ni miaka 19. Na kwa pikipiki kubwa zisizo na kikomo ni miaka 24, au 21 kwa yule aliyeshikilia leseni ya ngazi ya kati kwa miaka miwili. Ngazi hizi zimekuwapo tangu Januari 2013, na lengo lake ni kumzuia kijana asiruke kutoka skuta hadi pikipiki ya cc 1,000 ndani ya kiangazi kimoja.

Kuna njia moja ya mkato ambayo kijana wako huenda akaileta mezani ukimkatalia pikipiki, nayo ni baiskeli ya umeme au skuta ya umeme ya kusimama. Baiskeli ya umeme haihitaji leseni, na inaruhusiwa kuanzia miaka 14, ikiwa ina pedali, mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia mwendo unapofika maili 15.5 kwa saa. Ile iliyofunguliwa kikomo, au inayoendeshwa kwa kukaza mkono bila kupiga pedali kwa mwendo wa pikipiki, mbele ya polisi ni pikipiki isiyosajiliwa na isiyo na bima. Skuta ya kusimama aliyonunua mtu binafsi hairuhusiwi barabarani wala kwenye njia za waenda kwa miguu, hata kama inauzwa waziwazi dukani. Zinazoruhusiwa ni za kukodi katika miji yenye mpango wa majaribio, na hizo pia zinataka leseni, angalau ya mwanafunzi. Kijana anayekamatwa kwa makosa haya akiwa hana leseni anaweza kuandikiwa pointi ambazo zitamsubiri hadi siku atakapoipata.

Sasa gari, na swali la nani amfundishe. Anayekaa pembeni ya mwanafunzi ni lazima awe na umri usiopungua miaka 21, awe ameshikilia leseni kamili kwa miaka mitatu, na leseni hiyo iwe ya Uingereza au ya nchi za Umoja wa Ulaya, Uswisi, Norwei, Aislandi au Liechtenstein. Ndiyo maana miaka yako 12 haihesabiwi: sheria haiulizi umeendesha kwa muda gani, inauliza leseni ya nani na tangu lini. Ukifaulu mtihani wa hapa mwezi ujao, hesabu yako ya miaka mitatu itaanza siku hiyo, na mwanao atakuwa anakaribia miaka 19. Mume wako amebakiza miezi 22. Mwanao atatimiza miaka 17 baada ya miezi 15, hivyo kutakuwa na pengo la miezi saba ambamo kijana ana ruhusa ya kujifunza lakini baba yake hana ruhusa ya kumsimamia.

Binamu ametimiza umri na miaka, lakini kuna jambo moja la kukagua. Mwambie ageuze kadi yake ya leseni na atazame nyuma, kwenye mstari wa herufi B. Ikiwa pameandikwa namba 78, maana yake alifanya mtihani kwa gari la otomatiki na haruhusiwi kuendesha la gia za mkono, na kwa sababu hiyo hawezi kumsimamia mtu katika gari la gia. Ikiwa gari lenu ni la gia na kadi yake ina namba hiyo, hafai kwa gari hilo. Usimamizi nao si kukaa tu. Kwa muda wote wa safari msimamizi huhesabiwa kana kwamba naye yuko kazini: haruhusiwi kushika simu mkononi, na kiwango cha pombe kinachomhusu dereva kinamhusu na yeye, ambacho ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu kwa England na Wales, na 50 kwa Scotland. Nimewahi kumkuta mjomba wa mwanafunzi wangu akijibu ujumbe kwenye simu huku kijana akihangaika na gia katikati ya kipilefti, naye akaona ajabu kuambiwa kwamba mwenye kosa ni yeye.

Motowei mwanafunzi wa gari haruhusiwi kuingia akiwa na ndugu au rafiki. Tangu tarehe 4 Juni 2018 anaweza kuingia akiwa na mwalimu aliyesajiliwa, katika gari lenye pedali za ziada upande wa mwalimu, na kwa njia hiyo tu. L zibandikwe mbele na nyuma mahali zinapoonekana bila kuziba namba wala kioo, na inatakiwa zitolewe au zifunikwe wewe au mume wako anapoendesha kama dereva kamili.

Malipo ya binamu ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya nikujibu haraka. Kumfundisha mtu udereva kwa fedha, au kwa kitu chenye thamani ya fedha, ni kazi ya mwalimu aliyesajiliwa na DVSA, wakala wa serikali unaosimamia mitihani na walimu wa udereva, peke yake, au ya mwanagenzi aliyepewa kibali. Utamtambua kwa beji iliyo kwenye kioo cha mbele: ya kijani yenye pembe nane ni ya mwalimu kamili, na ya waridi yenye pembe tatu ni ya mwanagenzi. Asiye na beji akipokea pauni 15, hata kutoka kwa shangazi yake, anatenda kosa. Mpango unaokubalika, ambao pia ni nafuu, ni huu: mwanao ajifunze kwa mwalimu mwenye beji, angalau hadi atakapomudu gia, vipilefti na kurudi nyuma, kisha kati ya somo na somo afanye mazoezi na binamu bila malipo, ndani ya gari lenu na kwa mafuta yenu. Wanafunzi wanaochanganya hivyo hufika mtihanini wakiwa na saa nyingi barabarani kuliko wanaongoja somo la wiki, mradi msimamizi asiwafundishe tabia zinazopingana na za mwalimu.

Kabla gurudumu halijazunguka, bima iwepo. Bima ya gari inayowataja wewe na mume wako haimfuniki mwanao mpaka aongezwe kwa jina kama mwanafunzi, au akatiwe bima yake ya muda ya wanafunzi, na kampuni nyingi huweka pia umri wa msimamizi ulio juu ya ule wa sheria, hivyo soma masharti kuhusu binamu wa miaka 24. Kuendesha bila bima huleta adhabu ya papo hapo ya pauni 300 na pointi 6, polisi wanaweza kulichukua gari, na mwenye gari aliyeruhusu liendeshwe bila bima naye ana kosa lake. Mtego mwingine ni wa baadaye: kijana akishafaulu na kuwa ndiye anayetumia gari kila siku, wazazi humwandikisha baba kuwa dereva mkuu ili bei ishuke. Kampuni za bima huuita mtindo huo udanganyifu, na huugundua kwa kawaida siku ya kudai fidia, gari likiwa limepondwa mbele ya geti la chuo.

Mitihani ya gari inakuhusu wewe kwanza kabla ya mwanao. Wa nadharia hugharimu pauni 23, una maswali 50 ambayo unatakiwa kupata 43 ndani ya dakika 57, na baada yake hutazama video 14 na kubofya kila unapoona hatari inaanza kujitokeza. Alama ni 75 na za kufaulu ni 44. Katika video hizo hatari za kutambua ni 15, kwa kuwa moja ina mbili, na anayebofya mfululizo kwa kubahatisha hupewa sifuri kwa video hiyo. Tangu tarehe 7 Aprili 2014 hakuna tena sauti ya tafsiri wala mkalimani kwa lugha za kigeni, hivyo Kiswahili hakitakusaidia ndani ya chumba cha mtihani, ingawa kinasaidia sana kuelewa kitabu ukiwa nyumbani. Ukifaulu una miaka miwili ya kufaulu mtihani wa vitendo, la sivyo nadharia unairudia.

Wa vitendo huchukua takriban dakika 40 na hugharimu pauni 62 siku za kazi. Hata kabla ya kuwasha gari, mtahini atakuonyesha gari lililoegeshwa na kukutaka usome namba yake kutoka mita 20, na ukishindwa baada ya kupewa nafasi zote, mtihani unaishia hapo uwanjani. Makosa madogo yasizidi 15, na kosa moja tu kubwa au la hatari linatosha kukufelisha. Dereva mzoefu kutoka kwetu ana faida kwamba huku pia tunapita kushoto, lakini uzoefu wenyewe ndio unaomwangusha. Huwamulika wenzake taa kubwa kuwaambia wapite, ilhali mwongozo wa hapa unasema taa humulikwa kumjulisha mtu kwamba upo, basi. Huvuka mikono kwenye usukani bila kutazama kioo. Na akifika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu husubiri aone kama mtu ana haraka kweli. Chukua masomo machache ya kurekebisha mambo haya, na usione haya kuyachukua.

Mkishafaulu, wewe na mwanao mtakuwa chini ya uangalizi wa miaka miwili. Anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili tangu mtihani wake wa kwanza hufutiwa leseni na kurudi kuwa mwanafunzi, kuanzia maombi hadi mitihani yote miwili. Pointi alizopata kijana akiwa mwanafunzi humfuata. Mwenye pointi 3 za wakati wa skuta anahitaji 3 nyingine tu baada ya kufaulu ili apoteze leseni. Simu mkononi peke yake ni pointi 6. Mume wako naye bado yumo ndani ya miaka hiyo miwili, kwa miezi kumi zaidi. Haya yote ni ya England, Scotland na Wales. Ndugu zako wakiwa Ireland ya Kaskazini wana mamlaka yao na masharti yao, likiwamo la kubandika kibao cha R baada ya kufaulu.

Wiki hii, basi, pelekeni maombi mawili, lako na la mwanao. Kwa mtandao kila moja ni pauni 34. Asiyeweza kuthibitisha utambulisho wake kwa njia hiyo achukue fomu D1 katika ofisi ya posta, aambatanishe hati halisi na picha, na alipe pauni 43. Mtaulizwa anwani zenu za miaka mitatu iliyopita, hata za Tanga, na ni lazima muwe na ruhusa ya kuishi hapa kwa siku 185 au zaidi. Lako litangulie, kwa sababu la mwanao lina miezi mitatu mbele yake, na lako lina miwili.